Barua pepe zinazorudi: kabla skripti haijamfuta mwanachama, iulize kwanza kosa ni la nani

SevaKondele (Kisumu)

Wadau, uzi huu ni wa wale tunaotunza barua pepe za sacco, vyama vya wakulima, shule na makanisa huku Nyanza na Magharibi. Kila mwisho wa mwezi seva inatuma taarifa za akiba, na kesho yake sanduku la majibu limejaa barua za MAILER-DAEMON, yaani ripoti za seva kwamba barua haikufika. Zikizidi, mtu anaandika skripti (programu ndogo) fupi: tafuta neno "failed", chomoa chochote chenye alama ya @, futa kwenye orodha. Basi, kazi imekwisha.

Hiyo skripti ndiyo nataka tuijadili, kwa sababu inaumiza watu. Mwanachama aliyefutwa haambiwi na mtu. Anakaa tu bila taarifa, mkutano mkuu unapita, makato ya mkopo yanakosewa, na siku akienda kulalamika hana chochote cha kuonyesha. Nimeona orodha ya chama kimoja cha akiba ambamo anwani nyingi za Gmail zilizo hai kabisa ziliondolewa kwa usiku mmoja. Wenye anwani hawakuwa na kosa. Domeni ya chama haikuwa na rekodi za SPF wala DKIM (zinazothibitisha kwamba barua imetoka kweli kwa domeni hiyo), Google ikaikataa seva, na skripti ikawatoa wanachama.

Kwa hiyo swali la kwanza ambalo skripti inapaswa kujibu ni hili: kosa ni la nani? Ni la anwani, la sanduku, la njia, au letu sisi tunaotuma? Na jibu mara nyingi limo ndani ya ripoti yenyewe, ila si pale tunapopenda kutazama.

Ripoti iliyotengenezwa vizuri ina sehemu tatu. Ya kwanza ni maneno ya kusomwa na binadamu, na kila seva inayaandika inavyotaka. Ya tatu ni barua yako iliyorudishwa, nzima au vichwa vyake tu (mistari ya juu kama mtumaji, mpokeaji na mada). Ya kati, inayoitwa `message/delivery-status`, imeandikwa kwa ajili ya programu, na muundo wake umewekwa na RFC 3464 (moja ya hati za kanuni za intaneti) ya mwaka 2003. Inafanana na hivi:

```
Reporting-MTA: dns; mail.example.org
Arrival-Date: Mon, 3 Mar 2025 08:14:22 +0300

Final-Recipient: rfc822; mwanachama@example.com
Action: failed
Status: 5.1.1
Remote-MTA: dns; mx.example.com
Diagnostic-Code: smtp; 550 5.1.1 User unknown
```

Tazameni ule mstari mtupu. Kundi la juu linaeleza seva iliyoandika ripoti. Kila kundi linalofuata ni la mpokeaji mmoja, na ripoti moja inaweza kubeba wapokeaji kadhaa, huyu amefeli na yule amecheleweshwa. Ukitafuta alama ya @ kwenye barua nzima utaokota hata anwani ya msimamizi wa seva yao, na anwani yako mwenyewe iliyo kwenye ile sehemu ya tatu.

`Action` isomwe kabla ya kitu kingine chochote. Ikiwa ni `failed`, barua imeshindikana. Ikiwa ni `delayed`, bado iko kwenye foleni na seva inaendelea kujaribu. Seva ya shule ikizimika Ijumaa kwa sababu ya stima, ikarudi Jumatatu, barua itafika: Postfix (programu ya seva ya barua) isiyoguswa mipangilio hushikilia barua siku 5 kabla ya kukata tamaa. Skripti inayohesabu `delayed` kuwa kifo inamzika mtu aliye hai.

Halafu `Status`. Tarakimu ya kwanza ikiwa 4, ni tatizo la muda. Ikiwa 5, seva imekataa moja kwa moja. Ya pili ndiyo inayojibu swali langu: 1 ni anwani, 2 ni sanduku la mpokeaji, 3 ni mfumo wa seva yao, 4 ni mtandao na njia, 5 ni mazungumzo kati ya seva mbili, 6 ni maudhui ya barua, 7 ni usalama na sera. Ukikutana na 5.7.1 au 5.7.26, mara nyingi mpokeaji ameshindwa kufikiwa kwa sababu *yako*. Usiiguse anwani yake. Nenda katazame domeni yako.

Python (lugha ya kuandikia programu) inakuja na kila kitu cha kusomea haya, hakuna cha kupakua:

```
import email
from email import policy

def soma(faili):
    with open(faili, 'rb') as f:
        barua = email.message_from_binary_file(f, policy=policy.default)
    for sehemu in barua.walk():
        if sehemu.get_content_type() != 'message/delivery-status':
            continue
        for kundi in sehemu.get_payload():
            anwani = kundi.get('Original-Recipient') or kundi.get('Final-Recipient')
            if not anwani:
                continue
            yield (anwani.split(';', 1)[-1].strip().lower(),
                   kundi.get('Action', '').strip().lower(),
                   kundi.get('Status', '').strip().split(' ')[0],
                   kundi.get('Diagnostic-Code', ''))
```

Kundi lisilo na anwani ni lile la juu, ndiyo maana linarukwa. Na faili lifunguliwe kama baiti (`'rb'`), si kama maandishi, maana ripoti zinakuja na herufi za kila namna.

Karibuni tuichambue.

---

KamataLogi (Nakuru)

Mkuu, kazi safi. Ila mbona tusisome logi (kumbukumbu za seva) tu? Kwenye `/var/log/mail.log` Postfix inaandika kila jaribio: `to=<...>`, `dsn=5.1.1`, `status=bounced`. Mstari mmoja, grep (amri ya kutafuta maneno), umemaliza. Hakuna haja ya kufungua barua hata moja.

---

SevaKondele

KamataLogi, logi ni nzuri sana kwa zile barua ambazo seva ya upande wa pili inakataa palepale mlangoni, wakati seva mbili bado zinaongea. Hapo hata ile ripoti inaandikwa na Postfix yako mwenyewe, kwa hiyo logi na ripoti vinasema neno moja.

Shida ni seva inayosema "250, nimepokea", inafunga mazungumzo, kisha baadaye ndani kwake inagundua mpokeaji hayupo. Kwenye logi yako barua hiyo imeandikwa `status=sent`. Ukisoma logi peke yake utaapa kwamba ilifika. Habari ya kwamba haikufika inakuja kwa ripoti tu, pengine dakika chache baadaye, pengine siku ya pili. Kampuni na taasisi zilizoweka mtambo wa kuchuja spamu mbele ya seva yao halisi hufanya hivi mara nyingi.

Soma vyote viwili ukiweza. Ukilazimika kuchagua, chagua ripoti.

---

Mwalimu_Khwisero (Kakamega)

Asante kwa uzi. Mimi ninatunza orodha ya wazazi na wahitimu wa shule. Nimekwama hapa: inarudi ripoti safi kabisa, 5.1.1, lakini `Final-Recipient` ni anwani ya Gmail ambayo *haimo* kwenye orodha yetu. Nimetafuta kote. Hakuna mtu mwenye anwani hiyo.

---

SevaKondele

Mwalimu, huyo mtu wako ana anwani ya kazini au ya chuo, tuseme ya .ac.ke, na ameiwekea ipeleke barua zote kwenye Gmail yake. Gmail ikafa. Ripoti inataja mahali barua ilipofia, wala si mahali ulipoituma. `Original-Recipient` ingekusaidia, lakini kwa mujibu wa RFC si lazima iwepo, na seva nyingi hupoteza habari hiyo njiani.

Dawa yake ni ya zamani na bado haijapata mpinzani: VERP, iliyoletwa na Daniel J. Bernstein, mwandishi wa programu ya seva ya barua ya qmail. Kila mpokeaji unamtumia barua kwa anwani ya bahasha ya kwake peke yake. Mwanachama namba 08123 anatumiwa barua ambayo bahasha yake inasema:

```
MAIL FROM:<rudi+08123@example.org>
```

Hii ni bahasha, siyo ule mstari wa From anaouona msomaji. Msomaji ataendelea kuona jina la shule. Lakini barua ikirudi, inarudi kwa `rudi+08123`, hata kama ilipitia domeni kumi. Kwenye Postfix weka `recipient_delimiter = +` ili barua zote za `rudi+chochote` ziangukie sanduku la `rudi`, kisha skripti isome namba kwenye kichwa cha `Delivered-To` au `X-Original-To`. Hutahitaji kubahatisha anwani tena. Namba ya mwanachama iko mkononi, `Status` iko mkononi.

Ongeza kitu kimoja: usiache namba tupu. Mtu yeyote anaweza kutunga ripoti ya uongo akaituma kwa `rudi+08124`, kisha `08125`, akawaondoa wanachama wako mmoja mmoja. Weka baada ya namba herufi chache za HMAC (muhuri wa kihesabu), zilizotengenezwa kwa siri unayoijua wewe tu. Zisipolingana, skripti iitupe hiyo ripoti.

---

DadaTakwimu (Bungoma)

SevaKondele, nakubaliana na mengi, lakini hapo kwa tarakimu ya pili umewarahisishia watu kupita kiasi. Nimekaa na ripoti za vyama vya wakulima wa huku muda mrefu na nasema wazi: ukiiamini `Status` peke yake utapotea.

Mfano wa kwanza. Domeni zilizo kwa Microsoft zinarudisha `550 5.4.1 Recipient address rejected: Access denied`. Kwa jedwali lako hilo ni tatizo la njia. Ukweli ni kwamba mara nyingi mpokeaji hayumo kwenye orodha ya watumiaji wao. Hilo ni kosa la anwani lililovaa namba ya njia.

Mfano wa pili. Seva ya mbali ikijibu 550 au 554 bila namba ya tarakimu tatu zenye nukta, Postfix inajaza 5.0.0. Hiyo haisemi lolote. Hapo hakuna ujanja, lazima ushuke usome `Diagnostic-Code`, ambayo ndiyo maneno halisi ya seva ya mbali.

Mfano wa tatu. Sanduku lililojaa. Google wenyewe wana namba mbili kwa jambo hilo: `452 4.2.2` na `552 5.2.2`. Ya pili inaanza na 5, skripti ya haraka inafuta. Lakini mtu aliyejaza GB 15 zake kwa picha za harusi atafuta video mbili tatu na sanduku litafunguka. Huyo si wa kufuta, ni wa kupigiwa simu.

Na wa nne, ambao huku kwetu uko kwa wingi: `5.4.4`. Inasomeka kama tatizo la njia, ila ukitazama anwani unaona `gmail.con`. Karani alikosea kuandika siku ya usajili. Mwanachama yupo, Gmail yake ipo, kilichokosewa ni herufi moja. Skripti ikiona 5.4.4 au 5.1.2 ilinganishe domeni na zile zinazojulikana na impe karani orodha ya kusahihisha. Isisahihishe yenyewe.

---

SevaKondele

Dada, hapo umenena, na haya ya kwako yaende moja kwa moja kwenye skripti. Mpangilio nitakaoutetea ni huu: `Action` kwanza, halafu `Status`, na `Diagnostic-Code` ipewe nafasi ya mwisho ya kubatilisha `Status` kwa zile kesi zinazojulikana, kama hiyo ya 5.4.1 na zote za 5.0.0. Kesi mpya usiyoitambua iende kwa binadamu. Usiipe skripti ruhusa ya kukisia juu ya mtu.

---

Mwanachuo_Maseno

Shikamooni wakubwa. Si kuna maktaba za programu zilizokwisha kuandikwa? Nimesoma kuhusu flufl.bounce ya Python inayotumiwa na Mailman (programu ya orodha za barua), na Sisimai ya Ruby na Perl. Kwa nini tuandike upya?

---

SevaKondele

Marahaba. Umeuliza vizuri. Zitumie bila wasiwasi, hasa kwa zile ripoti zisizofuata RFC 3464. qmail kwa mfano haina ile sehemu ya kati kabisa, inaanza na "Hi. This is the qmail-send program at" kisha maneno matupu. Barua za seva za Exim na za Gmail huwa na kichwa cha `X-Failed-Recipients` ambacho kinasaidia ukikosa kingine. Kazi hiyo ya kukusanya mitindo ya kila seva imefanywa na watu kwa miaka mingi, usiirudie.

Lakini maktaba inakuambia barua ilirudi kwa nani, na nyingine zinakuambia kwa sababu gani. Hakuna maktaba inayojua kwamba huyo ni mama wa Luanda ya Vihiga mwenye hisa na dhamana ya mkopo. Uamuzi wa kufanya nini ni wa kwako, na uandikwe kwa uwazi kwenye skripti yako ambapo kamati inaweza kuuona.

Na kabla hujasoma sababu, hakikisha ni ripoti kweli. Majibu ya "niko likizo" nayo yanarudi kwenye anwani ya bahasha. Ukiona kichwa cha `Auto-Submitted: auto-replied` kwenye barua isiyo na `message/delivery-status` wala `X-Failed-Recipients`, iweke pembeni, mtu huyo huenda barua amepata. Usitegemee kichwa hicho peke yake, maana Postfix nayo hukiweka kwenye ripoti zake.

---

KamataLogi (Nakuru)

Sasa mnaogopa kufuta hadi mnasahau upande wa pili. Ukiendelea kutuma kwa anwani zilizokufa mwezi baada ya mwezi, Gmail na Yahoo wanakuona kama mtu aliyenunua orodha mtaani. Tangu Februari 2024 wamekaza: anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail lazima awe na SPF, DKIM na DMARC (sera ya domeni kuhusu barua zisizothibitishwa), na malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3. Jina la domeni likichafuka, hata walio hai hawatapata. Huruma yenu kwa mmoja inawanyima wote.

---

SevaKondele

KamataLogi, hoja yako ni nzito na siipingi. Kuacha kutuma ni jambo moja na kufuta ni jambo jingine, na wengi wanayachanganya. 5.1.1 ikija, simamisha kutuma *siku hiyohiyo*. Lakini kwenye jedwali la wanachama weka alama: hali "imesimamishwa", tarehe, `Status`, na `Diagnostic-Code` nzima jinsi ilivyokuja. Anwani ibaki, na jina lake liingie kwenye orodha ya kupigiwa simu. Kwa zile za 4 na za sanduku lililojaa, fuata mtindo wa Mailman: pointi zinajumlishwa ripoti zinapokuja, zikifika kikomo ndipo inasimama, na zikikaa muda bila ripoti mpya zinafutika.

Na 5.7 zikija nyingi kwa wakati mmoja, skripti isimamishe utumaji wote na imwamshe msimamizi. Hilo liwe la kwanza kuandikwa, maana ndilo lililowaondoa wale wanachama wa Gmail niliowataja juu.

---

Saiba_Mjini (Kisumu)

Naongeza la upande wetu sisi wa saiba (vibanda vya intaneti). Watu wengi walifunguliwa barua pepe kwenye saiba siku ya kuomba PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi), kwa sababu iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni, haikubali bila barua pepe. Nenosiri likaandikwa nyuma ya risiti, risiti ikapotea. Baadaye chama kikataka barua pepe, mtu akatoa ileile. Hajawahi kuifungua tena. Google walitangaza Mei 2023 kwamba akaunti isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa, na wakaanza Desemba mwaka huo. Kwa hiyo 5.1.1 nyingi mnazoziona ni za watu ambao hawajui hata kwamba walikuwa na anwani.

Kuna vijana wa saiba pia walioweka anwani *yao* kwa wateja. Mkiona anwani moja kwa wanachama wengi, kijana huyo anapokea taarifa za akiba za watu wote hao.

---

DadaTakwimu (Bungoma)

Saiba_Mjini, hilo la mwisho limenisimamisha. Skripti itafute anwani zinazojirudia hata kabla barua haijarudi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai data za mtu ziwe sahihi na za sasa, lakini pia zisifike kwa asiyehusika.

Swali langu kwa SevaKondele: sanduku lenyewe la `rudi` je? Kila ripoti imebeba taarifa ya mwanachama ndani, salio na yote. Kwetu nenosiri la sanduku hilo wanalo watu wengi ofisini.

---

SevaKondele

Zima hilo kwenye chanzo. Unapotuma, iombe seva irudishe vichwa tu:

```
smtp.sendmail(bahasha, [anwani], ujumbe, mail_options=['RET=HDRS'])
```

Hii inafanya kazi ikiwa seva yako inatangaza DSN (kwamba inajua maombi kuhusu ripoti hizi) inapoanza mazungumzo, na Postfix inatangaza. Seva nyingine za mbali hazitaheshimu ombi hilo, kwa hiyo skripti ikishachukua namba ya mwanachama, `Action`, `Status` na `Diagnostic-Code`, ifute barua yenyewe kwenye sanduku. Zibaki zile tu isizozielewa. Nenosiri libadilishwe leo, libaki na skripti na mtu mmoja anayesoma hizo zilizobaki. Na salio lisikae kwenye mada ya barua, maana mada ni kichwa, na vichwa bado vinarudi.